Dago la Mikoroshoni



Swali tunaloulizwa zaidi na mabinti wa visiwani waliochumbiwa bara si la gauni wala la fungate. Huuliza hivi: mume akiwa na kazi ya msimu, na kazi yenyewe iko mbali, mke afuatane naye au abaki kwao? Na mtoto akishazaliwa, je? Sisi tulifuatana. Tulikuwa watatu, tangu mwisho wa Mei 2024 hadi Desemba, na tuliishi katika vibanda viwili vya shamba, kimoja Ruangwa na kingine Nachingwea, mkoa wa Lindi. Binti yetu alikuwa na miezi kumi na minne tulipoondoka. Tunaandika sote wawili, ingawa kalamu iko kwa mke, na mume anasoma kila aya na kutusahihisha mambo ya shamba.

Kwa watu wa pwani jambo hili halina ugeni. Wanaume wa Tumbatu na Kojani wanajulikana kote kwa kwenda dago: wanapakia nyavu, mchele na maji, wanafuata samaki hadi fukwe za mbali, wanapiga kambi huko miezi kadhaa kisha wanarudi. Wapo wake waliofuatana nao. Mama wa Tumbatu (tumwite hivyo, ndiye mzazi wa mke) alikuwa mmoja wao. Misimu miwili alikaa na mumewe kwenye mashua ya tanga baina ya Tumbatu na Mafia, na mtoto wake wa kwanza alijifunza kusimama humo humo, mikono ameshika ukingo wa chombo.

Anavyohadithia, chombo ni nyumba iliyoondolewa kila kitu cha ziada. Moto unakaa ndani ya sanduku la mchanga, upande usiopigwa na upepo. Maji ya kunywa yamo kwenye dumu na kila mtu anajua fungu lake ni vikombe vingapi. Nguo za mtoto hufuliwa kwa maji ya bahari, halafu husuuzwa kwa kikombe kimoja tu cha maji ya kisima. Choo kiko nyuma, kimezungushiwa kanga mbili, na mabaharia wanageuza nyuso mbele bila kuambiwa. Mtoto alifungwa kiunoni kamba iliyoviringishwa kanga kuukuu isimchubue, ikatoka kwenye mlingoti, na urefu wake ulipimwa: afike kwa mama, afike kwenye kivuli cha tanga, asifike ukingoni.

Basi tulidhani yeye ndiye atakuwa wa mwanzo kutuelewa. Alikataa kata kata. "Baharini hakuna mbu," alisema. "Nyinyi mnampeleka mjukuu wangu kwenye mbu."

Na hapo alisema kweli. Kwetu Zanzibar malaria imeshushwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi sasa, kwa vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani na upimaji. Hiyo ni neema, lakini ina upande wake wa pili: mtoto aliyezaliwa Unguja au Pemba mwili wake haujaizoea malaria hata kidogo. Lindi ipo katika mikoa ambayo ugonjwa huu bado ni wa kila siku. Kwa hiyo mama hakuwa analeta visa vya wakwe. Alitaka tumwachie mtoto, nasi twende zetu.

Hapo ndipo mazungumzo ya kabla ya ndoa yalipotufaa. Mume alikuja Unguja kutafuta kazi ya ujenzi, lakini kwao ni Ruangwa. Baba yake ana shamba la ufuta huko, na Nachingwea kuna mikorosho ambayo mjomba wake alimpa angali hai, mbele ya mashahidi. (Wamwera wa zamani walirithishana kwa upande wa mama. Mjomba huyu alijua kuwa sheria ya mirathi ya Kiislamu ina hesabu nyingine, ndiyo maana alitoa hiba mapema, kabla hajafa, asije kuwaacha watu wakigombana.) Yote haya yalisemwa wazi siku ya posa. Baba mkubwa wa mke, aliyekuwa msemaji wetu, hakuuliza mahari kwanza. Aliuliza: "Miezi hiyo ya shamba, binti yetu atalala wapi?"

Dada zetu, muulize swali hilo. Mke ana haki ya maskani inayomsitiri, na kibanda cha shamba nacho ni maskani. Masharti yetu yalikuwa manne na tuliyaandika kwenye karatasi. Kibanda kiwe chetu peke yetu, si chumba kwa wakwe. Bafu na choo viwe vimezungushiwa kabla mke hajafika. Mtoto akipatikana, asitenganishwe na mama yake muda wa kunyonya, ile miaka miwili kamili iliyotajwa katika Surat Al-Baqara kwa anayetaka kuikamilisha. Na mtoto akiugua, tunaondoka saa ile ile, hata mazao yakiwa chini. Mume alisaini. Baba mkubwa akakunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa kanzu, na hadi leo anayo yeye.

Safari yenyewe ilicheleweshwa na Kimbunga Hidaya. Mwanzoni mwa Mei boti zilisimama, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika kwa mafuriko maeneo ya Somanga. Tulingoja hadi magari yalipoanza kupita tena. Mtoto alilala kuanzia Daraja la Mkapa hadi Nangurukuru, akalia kuanzia Nangurukuru hadi Mnazi Mmoja ya Lindi, na hatuna zaidi la kusema juu ya basi lile. Nanganga tukaacha njia ya Masasi tukakata kwenda Ruangwa.

Kibanda cha Ruangwa kilikuwa cha miti na udongo, kimeezekwa nyasi, hatua sita kwa nne. Mke alikipima kwa nyayo siku ya kwanza, akacheka peke yake, maana mashua ya babake ilikuwa ndefu zaidi. Tuliishi humo kama watu wa chomboni. Hakuna kitu kilichokaa chini: unga, sukari, dawa na nguo zilining'inia kwenye kamba na misumari, kwa sababu ya mchwa na panya. Mtoto alilala mchana kwenye susu iliyofungwa kwenye boriti. Kwa kuwa hapakuwa na mlingoti wa kumfungia, mavyaa (ndivyo sisi wa visiwani tunavyomwita mama wa mume) alitufundisha njia ya huko. Kila alfajiri ufagie uwanja mpana kuzunguka kibanda, uwe mweupe bila hata jani. Nyoka akipita unamwona, au unaona mchirizi wake. Mtoto naye anazoea kuwa mwisho wa weupe ndio mwisho wa nyumba. Haikumchukua wiki tatu. Alikuwa akifika kwenye nyasi anasimama, anatugeukia, anatikisa kichwa kama mtu mzima anayekataa chai.

Maji yalikuwa ya kisima cha pampu, dakika ishirini kwenda, na kurudi zaidi kwa sababu ya mzigo. Tuligawana: mume anabeba madumu mawili kwa baiskeli kabla ya kazi, mke anaongeza ndoo jioni akipenda. Tunasema akipenda, kwa kuwa wanawake wa kijijini walishangaa sana kumwona mwanamume akiteka maji, na wifi yetu mmoja alitania kuwa kaka yake amelishwa limbwata la Kizanzibari. Tulimwacha aamini hivyo.

Wanaouliza kuhusu ibada, tuwaambie tulivyofanya sisi, na kila mmoja amwulize shekhe wake. Njiani tulikuwa wasafiri, tukapunguza sala. Tulipofika tukiwa na nia ya kukaa miezi, rukhsa hiyo ilikwisha, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, anasali kamili kama mwenyeji. Kutoka Ruangwa hadi Nachingwea nako si mwendo wa kupunguza. Kibla haikutupa shida hata siku moja. Makka iko karibu kaskazini kamili kutoka kusini mwa Tanzania, kama ilivyo kutoka Unguja, hivyo miezi ya kusi ukisimama kusali upepo unakupiga mgongoni. Siku mbili pampu ilipoharibika tulitayamamu, maana maji yaliyokuwepo yalikuwa ya kunywa, na kiu ya mtoto inatangulia udhu. Mkojo wa mtoto ndio uliotuchosha. Ile nafuu ya kunyunyizia maji tu ni ya mtoto wa kiume ambaye hajaanza kula chakula. Wetu ni wa kike na anakula ugali, basi ni kufua tu. Mke alitenga kanga moja ya kusalia, ikakaa juu kabisa kwenye boriti, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Ufuta ulikuwa tayari tulipofika. Kwa asiyeujua, ufuta unakatwa pale vipodo vya chini vinapoanza kufunguka, unafungwa miganda, unasimamishwa juu ya kichanja ukauke kwa wiki mbili hivi, chini umetandikwa turubai. Vikikauka vipodo vyote hufunguka, na hapo ukichelewa siku moja tu upepo unaukung'uta badala yako. Mbuzi nao wanaujua. Kwa hiyo wiki hiyo mtu halali.

Siku chache baada ya Idd ya kuchinja, kichanja kikiwa kimekauka na kazi ya kukung'uta imepangwa kesho yake, mtoto aliamka saa sita za usiku mwili unawaka. Hakulia. Angelia tungetulia kidogo. Alikuwa ameegemea kifua cha mama yake, macho nusu, anapumua haraka. Tulimpa dawa ya kushusha homa, tukampangusa kwa kitambaa cha maji, na mke akasema neno moja: "Karatasi."

Mume hakujibu. Alichukua simu, akatoka kwenda kupanda kichuguu kilicho nyuma ya shamba, kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika, akampigia kijana wa bodaboda. Mashemeji walikuwa wamelala kijijini kwa ajili ya mazishi, hapakuwa na wa kuachiwa zamu ya ufuta. Tulipanda mishikaki, dereva mbele, mama na mtoto kati, baba nyuma amewakumbatia wote wawili, tochi ya simu mkononi kwa kuwa taa ya pikipiki ilikuwa inawaka inazima. Tulisoma tulizozijua. Mara mbili tulisimama kumgusa mtoto kama bado anapumua, tukajifanya tunasimama kurekebisha kanga.

Muuguzi wa zahanati aliamka mlango ulipogongwa mara ya kwanza, Mungu amjalie. Alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, na sote wanne tukakiangalia kile kipande cha plastiki kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Mistari miwili. Akasaga kidonge cha dawa ya mseto, akakichanganya na maji kidogo kwenye kijiko, mtoto akatapika, akapewa tena. Alitueleza kuwa kidonge kikitapikwa mapema lazima kirudiwe, na kwamba dozi ni ya siku tatu hata mtoto akianza kucheza siku ya pili. Tulikaa pale hadi adhuhuri ya kesho yake. Alipoomba kunyonya, mke akalia, na mume akatoka nje kuangalia mwembe.

Tuliporudi shambani, mbuzi walikuwa wamepita na kusi lilikuwa limevuma tangu asubuhi. Mbegu nyeupe zilikuwa zimetapakaa mchangani mbali na turubai. Mavyaa alikuwa keshafika. Amechuchumaa na ungo, anapepeta mchanga na ufuta, punje kwa punje, na alipotuona hakuuliza habari za ufuta. Alinyoosha mikono apewe mtoto. Kwa hesabu ya mume tulipoteza kama debe mbili, na hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele ya mke, siku ile wala baadaye.

Habari ilifika Tumbatu kwa simu jioni ile ile, tukiisema wenyewe. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mrudisheni." Tulijadiliana wiki nzima. Mume alikuwa tayari kumrudisha mke na mtoto, abaki peke yake. Mke ndiye aliyekataa, akiwa na sababu ambazo hata leo anazisimamia: kipimo kipo, dawa ipo, zahanati iko karibu kuliko ilivyo hospitali kwa watu wengi wa kisiwani, na baba ambaye angeachwa huko hadi Desemba angekutana na mtoto asiyemjua. Lakini tulibadilisha maisha ya jioni. Tangu hapo mtoto aliingia ndani ya chandarua chenye dawa kabla ya Magharibi na hakutoka mpaka alfajiri. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwazuia watoto ndani giza linapoingia, nasi tukaliona hilo kwa macho mapya. Mke naye aliingia humo pamoja na mtoto, akala humo, akasali Isha pembeni ya kitanda. Mume aliyekuwa nje alipitisha sahani chini ya chandarua kama anayemlisha mfungwa. Tulicheka sana miezi ile ndani ya chandarua, tusiwafiche.

Mnataka pia kujua mambo ya mke na mume katika chumba kimoja na mtoto. Tutasema kwa adabu tu. Nyakati tatu za faragha zilizotajwa katika Surat An-Nur zinahusu watoto wenye kuelewa, wetu alikuwa bado, lakini tulianza mapema kutundika kanga katikati, na siku za Ijumaa mavyaa alikuwa anakuja kumchukua mjukuu baada ya chakula cha mchana bila kutoa sababu. Mama mkwe mwenye akili ni hazina. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa ugomvi. Nyumba ya vyumba vitatu ina pa kununia. Kibanda hakina. Mama wa Tumbatu anasema kwenye mashua walikuwa wakigombana kwa kimya, yeye anaangalia shetri na mumewe anaangalia omo, hadi upepo ugeuke na watu walazimike kusaidiana tanga. Sisi tuliokasirika tulikwenda kuteka maji. Madumu yalijaa sana mwezi wa Agosti.

Agosti tulikuwa Nachingwea. Wasomaji wa rika la bibi zetu huenda wanaukumbuka mji huo kwa karanga, maana Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwa moja ya sehemu zake pamoja na Kongwa na Urambo, wakaleta matrekta na reli, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Wazee pale wanauhadithia kama watu wanaozungumzia mgeni aliyekuja na mizigo mingi akaondoka bila kuaga. Kilichobaki kuwalisha watu ni mkorosho.

Mkorosho ni mti mzuri kwa kuishi na mtoto, una kivuli hadi chini na matawi ya kufungia bembea. Lakini maua yakianza kuna ugonjwa wa ubwiriunga, na dawa yake kubwa ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine alfajiri, umande ungali majani na upepo umetulia. Vumbi la njano linapanda juu ya miti na kukaa kila mahali. Linawasha macho na kifua cha mtu mzima, sembuse mtoto. Hatukuweka majadiliano hapo. Siku za salfa mke na mtoto walilala mjini kwa mama mdogo wa mume, nguo za kazi hazikuingia kibandani, na mume hakumgusa mtoto kabla hajakoga na kubadilisha kila kitu. Dada uliyeolewa kwenye mikorosho, ukiambiwa kuwa salfa haina neno, wewe ondoka tu na mwanao. Warudi nyuma ya mvua au umande wa siku kadhaa, uwanja umefagiwa.

Oktoba korosho zilianza kuanguka, na kazi ikawa ya mikono ya kila mtu: kuokota, kunyonga korosho itoke kwenye bibo, kuanika, kuchambua. Hapa tuliogopa mdomo wa mtoto. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayochubua ngozi, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu kila kitu anaonja. Alikaa mgongoni, kwa zamu. Mabibo tulimpa, yaliyooshwa, akapaka kila kanga madoa yasiyotoka hadi leo. Wengine huko huyachachua wakatengeneza uraka. Jirani mmoja mwema alitushangaa tunavyoacha mabibo yanaoza chini, akatuomba, tukamwambia kwa heshima kuwa ayaokote ya kula na ya mifugo, ya uraka hatumpi. Alicheka, akachukua ndoo moja ya kula. Ujirani haukuharibika.

Usiku mmoja tembo walisikika upande wa bondeni. Mashamba ya Nachingwea na Liwale wanayapitia, na watu wametundika kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, wanapiga madebe, wanawasha moto. Sisi tulikaa ndani tukisikiliza madebe, mtoto amelala. Asubuhi nyayo zilikuwa kwenye shamba la tatu kutoka kwetu, migomba imelala. Hilo hatukumwambia mama wa Tumbatu kwa simu. Analisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Kuhusu fedha, hili tunaliweka wazi kwa sababu mabibi harusi hawaliulizi. Korosho na ufuta huko haziuzwi kwa mtu mlangoni. Zinapelekwa kwenye ghala la chama cha msingi, AMCOS, chini ya chama kikuu cha Runali kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, zinauzwa kwa mnada, na malipo yanaingia benki kwa jina la mkulima aliyesajiliwa. Minada ya mwanzo kusini Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakashona nguo mpya. Sasa fikiri: mke ameokota kuanzia Oktoba hadi Desemba na mtoto mgongoni, jina lililoko kwenye daftari ni la nani? Mali ya mke ni yake katika dini yetu, lakini benki haisomi fiqhi. Tulikubaliana tangu Agosti kuwa mistari sita ya mikorosho ni ya mke kwa ujira wake, na malipo yalipoingia mume alizihamisha fedha hizo siku ile ile kwenye akaunti yake. Amezinunulia cherehani, na zilizobaki hatuwaambii.

Tulirudi Unguja Desemba, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyesha Ruangwa. Mtoto alikuwa amepata maneno ya Kimwera ambayo nyanya yake wa Tumbatu hayaelewi, na ngozi ya mguu iliyokomaa. Tulimwachisha ziwa kabla ya Ramadhani, miaka yake miwili ya mwezi ilipotimia. Kwa maana hiyo sharti la tatu limekwisha nguvu, na mama analijua hilo vizuri. Tangu Idd anatukumbusha kwamba mtoto aliyekwisha kuacha ziwa anaweza kubaki kwa bibi yake akasoma chuo, akajifunza alifu na be, badala ya kuhesabu nyayo za tembo. (Naam mama, sasa umeshajua.)

Bado hatujakubaliana. Shemeji alipanda ufuta Januari na anasema umeshika vizuri. Kibanda cha Nachingwea kimeezuliwa upande mmoja na mvua za masika, na mume anatangulia wiki ijayo kukiezeka. Mke anataka mtoto aende. Mume anasema atafuata uamuzi wa mke, jambo ambalo mke anaona ni namna ya kukwepa. Mama jana alikuja Mkokotoni kwa mashua, akapanda daladala hadi kwetu mjini, akakaa, akanywa chai mbili. Sasa anadai kuja mwenyewe Ruangwa wiki mbili za mwanzo, aone hicho chandarua kinavyofungwa na hiyo zahanati iko umbali gani kwa miguu, ndipo aseme neno lake. Tumemkatia tiketi.